Meno ya Mtu Mwingine

Bujumbura, Quartier Asiatique
11 Januari 2004

Mwanangu Tahani,

Salamu aleikum. Mi niko muzima. Miguu tu njo inalalamika asubuhi, lakini kama mutu huko Masikati anasema Hamood bin Suud amezeeka, mwambie apande ndege aje anisukume, tuone nani ataanguka. Hii barua naandika na mukono wangu mwenyewe. Sikumupa mujukuu wangu Ghanima aniandikie, na mbele utaona kwa nini. Mi sikukaa école kusoma, lakini nani katika mutaa huu anaandika herufi kubwa hivi bila kutoka kwenye mustari? Hakuna.

Habari za nyumba ni nzuri. Mwavita, bibi ya kaka yako, iko salama, iko anapika, hasemi mingi. Paa ya jikoni nimeipanda mi mwenyewe na kuiziba. Juma iliyopita walipiga huko milimani mupaka alfajiri. Watu wote walilala chini ya kitanda, mi nililala juu. Wanasema amani imesainiwa. Sawa, imesainiwa, lakini bunduki hazijui kusoma.

Sasa neno lenyewe. Ghanima amepata muchumba. Ni mutoto wa Massoudi wa Buyenzi, yule wa vipuri vya baiskeli. Kijana iko na adabu, anaswali, hanywi. Siku ile ile nilikubali moyoni, lakini niliwarudisha nyumbani waje tena, ili wajue wanaoa kwenye nyumba gani.

Na kuna kitu nimeona. Tulialikwa arusi kwa binti ya Waridi, muchuuzi wa vitenge. Wakawasha televisheni, wakaonyesha picha za zamani, picha za karatasi, na zile picha zilikuwa zinakwenda! Babu yao aliyekufa zamani alikuja mbele, mbele, mupaka nikasogeza kiti. Nikauliza, wakasema ni ordinateri, kompyuta, ndiyo inafanya. Kesho yake nikaenda kwa Huseni, yule wa butiki ya foto nyuma ya soko, iko na ordinateri. Huseni akasema: «Muzee, programu za kazi hii ni nyingi, kila moja na yake, lazima uchague.» Mi nikamwambia: «Kuchagua ni kazi ya mwanangu Tahani. Yeye ndiye anatengeneza filamu za arusi za wanawake wa kifalme huko Masikati.» Nilisema kifalme. Usinikanushe.

Basi Waridi anakwenda Dubai kuchukua mali, nimemupa picha zote za kaka yako Suud akutumie kutoka huko. Unajua kaka yako aliondoka mwaka wa tisini na sita na gari ya chumvi, kwenda Rugombo, njia ya Cibitoke, na hajarudi. Hajarudi bado. Ghanima anaolewa na baba yake iko safarini, haifai. We chagua programu yenye nguvu kuliko zote. Nataka Suud atembee. Nataka afungue mudomo aseme. Maneno ya kusema nitayatuma mi.

Usiniulize kwa nini. Fanya.

Baba yako,
Hamood bin Suud


Masqat
2 Machi 2004

Baba yangu,

Wa alaykum salaam. Nakubusu mkono, na mkono huo ulioandika barua naubusu mara ya pili, maana ni kweli mistari haukuitoka. Sisi sote wazima. Mume wangu amehamishiwa kazi Sohar, anarudi Alhamisi. Watoto wanazungumza Kiarabu tupu. Kiswahili wanakielewa ninapowagombeza tu.

Barua yako ilichelewa. Waridi alikaa Dubai akisubiri mzigo. Picha zimefika zote, zimefungwa ndani ya kanga ya Mwavita. Nimezipanga mezani studio. Mwenye studio, mama mmoja mkali lakini mwema, amenikubalia nitumie mashine baada ya kazi. Alipomwona Suud na ile kofia ya bluu aliuliza: «Huyu nani, mbona macho ni yako?» Nikamwambia ni kaka yangu, alikuwa anapenda kofia hiyo hata kulala nayo.

Nimefurahi sana kwa Ghanima. Mwambie shangazi yake atamletea dhahabu, ndogo lakini dhahabu.

Sasa habari ya programu. Nimejaribu mbili. Ya kwanza ni nyepesi: picha imetulia vile vile, jicho la kamera ndilo linalotembea juu yake. Unaliambia lianzie kwenye kofia lishuke usoni, au lianzie mbali lisogee. Nadhani ndiyo uliyoiona kwa Waridi. Ubaya wake, ukiiachia ichague yenyewe, inakwenda popote. Ilimpita Suud ikasogelea tairi la gari.

Ya pili ni ya kazi zaidi. Unamkata mtu pembeni mwake kama anayekata nguo, unamtenga na ukuta ulio nyuma yake, halafu mtu anasogea kidogo na ukuta unasogea polepole. Ukiangalia unadhani kuna hewa kati yao. Kumkata kunahitaji subira, hasa nywele na masikio. Suud masikio yake unayajua.

Kuna ya tatu, ya kufanya uso useme. Hiyo sijaifungua. Baba, umesema nisikuulize, na mimi ni mtoto wako, ukaidi nimeutoa kwako: kwa nini lazima aseme? Ghanima ataridhika kumwona tu. Na unataka aseme nini?

Mwanao,
Tahani


Bujumbura
28 Machi 2004

Tahani,

Salamu aleikum. Sisi wazima. Ghanima anashona, Mwavita ameumwa meno, sasa amepona. Umeme unakuja na kuondoka kama mukwe asiyependwa.

Katika barua yako umeandika Suud «alikuwa anapenda» kofia. Anapenda. Usiandike hivyo tena.

Na umenieleza mambo ya kukata masikio. Mi sikuomba fundi wa nguo. Nilisema mudomo. Sasa kwa sababu we ni kichwa ngumu nitakwambia, na usimwambie mutu.

Shehe amekuja na Massoudi tupange nikaha. Shehe akauliza: «Muzee Hamood, nani ataoza?» Nikasema baba yake. Akasema: «Baba yake iko wapi?» Nikasema safarini. Akavuta pumzi, akasema: «Muzee, kama iko hai, alete wakala, aseme kwa mudomo wake kwamba anakupa we umuozeshee mutoto. Kama amefariki, we ni babu, ni walii wake wa kumuoza, hakuna tatizo. Lakini lazima useme moja mbele ya mashahidi. Safari ya miaka minane mi siwezi kuisoma hutuba juu yake.»

Na Massoudi, yule wa vipuri, akaingiza mudomo wake: «Muzee, mi namupenda huyu binti kama wangu, lakini sitaki ndoa ya kijana wangu iwe na kiraka.» Kiraka! Katika nyumba yangu! Mutu anayeuza pedali!

Mi nikasimama. Nikasema: «Mutamsikia Suud mwenyewe. Mwanangu wa Masikati analeta filamu, Suud atasema mbele yenu: mi Suud bin Hamood nampa baba yangu wakala amuoze binti yangu Ghanima.» Hawajawahi kusikia kitu kama hiyo. Hakuna mutu wa Asiatique amefanya nikaha na ordinateri. Mi ndiye nitaanza, kama nilivyoanza kuweka kioo cha mbele kwenye duka wakati wengine bado wanauzia kwenye meza.

Usiniambie shehe hatakubali. Yule shehe, mi ndiye nilimufundisha kupanda baiskeli.

Sauti yangu na ya Suud ni moja, hata Mwavita akinisikia kwenye ukuta anageuka. Nimekwenda kwa Huseni, nimeyasema maneno yote kwenye kasete, naituma pamoja na barua hii. We weka mudomo wa Suud juu ya sauti yangu, basi. Massoudi anataka Julai. Fanya haraka.

Hamood bin Suud


Masqat
16 Mei 2004

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii inawakuta na afya na usingizi. Huku joto limeanza, mtu akishika mlango wa gari anaachia ngozi. Mtoto wangu wa mwisho, mjukuu wako, ameota jino la kwanza, na jambo hilo ndilo limenifanya nianze na meno.

Programu ya tatu nimeifungua. Nimekaa nayo nikijua ni amri yako. Inafanya kazi hivi: unaweka alama kwenye macho ya picha, alama kwenye pembe za mdomo, halafu unaipa sauti, na yenyewe inaufungua mdomo kwa kufuata sauti. Lakini Baba, picha haina kitu ndani ya mdomo. Suud kafunga mdomo katika kila picha. Kwa hiyo programu inakuuliza: nimpe meno gani? Inayatandaza kwenye kioo, safu baada ya safu, ya wazungu, ya wazee, hata ya mazimwi ya kuchekesha watoto. Unachagua. Nimeyaangalia yote kama mtu anayenunua kitanda. Hakuna yenye mwanya. Kaka yangu ana mwanya ambao bibi yetu alikuwa akisema mtu angeweza kupitisha humo uzi wenye fundo. Nilimjaribishia yale yaliyokaribia. Akafungua mdomo, nikaona mtu nisiyemjua amevaa uso wa kaka yangu. Nikazima mashine, nikatoka nje.

Unajua kwa nini kafunga mdomo kila picha? Wewe ulimwamuru. Kila alipokuja mpiga picha ulisema: «Fungeni midomo, hapa si sokoni!» Mimi pia nimefunga.

Na kasete nimeisikiliza. Baba, uliisikiliza wewe mwenyewe kabla ya kuituma? Unasema, «Mi Suud bin Hamood,» unanyamaza. Unaanza tena, unasema, «Mi Hamood bin Suud.» Huseni anakwambia pole pole, «Rudia, muzee.» Unarudia. Ukifika kwenye «binti yangu Ghanima» sauti inakatika, tunasikia magari ya barabarani. Halafu unamgombeza Huseni, «Kasete yako mbovu!» Mpaka mwisho wa kasete hujamaliza sentensi ile.

Kwa hiyo sitaifanya. Niseme wazi, maana tumekaa muda mrefu tukizungukana. Gari lilionekana limeungua njia ya Cibitoke. Waliokuwa nyuma yake walirudi wakakueleza. Sisi huku, Ramadhani iliyofuata, tulimsalia Suud sala ya maiti asiyekuwepo. Msikiti ulijaa watu wa Bujumbura. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungeichana barua.

Shehe amekupa milango miwili na wewe unatoboa ukuta. Wewe ni walii, Baba. Simama umuoze.

Filamu nitaitengeneza kwa programu ile ya pili, ya kukata masikio. Sitaweka sauti ya mtu yeyote.

Mwanao anayekupenda na asiyekutii,
Tahani


Bujumbura
12 Juni 2004

Kwa Tahani,

Salamu.

Nimesoma. Sikuichana. Nimeikunja.

Mulimsalia mutu bila kuniuliza mi baba yake. Nani aliwaonyesha maiti? Gari kuungua ni gari. Mi niliunguliwa gari mbili wakati wa Wabelgiji na leo nakula ugali. Kuna watu walipotea mwaka ule na wamerudi kutoka Kongo, kutoka Tanzania, wengine na mabibi wapya. Suud anaweza kuwa amepata bibi mupya, anaona haya. Mi sitamugombeza.

Nikisema neno hilo mbele ya mashahidi, ni mi nitakuwa nimemuua. Barabara haikumuua, waasi hawakumuua, ni mudomo wa baba yake. Hilo njo hulielewi na filamu zako za kifalme.

Huseni ni mutu. Amepata diski ya programu ya mudomo, mutu wake amemletea kutoka Dubai. Na maneno nimeyasema upya, Huseni amekata na kuunga, sasa iko safi toka mwanzo mupaka mwisho. Meno nitachagua mi. Mwanya haujalishi, mutu anaweza kwenda kwa daktari wa meno huko aliko.

Nikaha ni Ijumaa ya mwisho ya Julai. Filamu yako ya kimya kaa nayo.

Hamood


Masqat
5 Julai 2004

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Watoto wazima, mume wangu mzima, joto lile lile.

Umeniambia nikae na filamu. Siwezi, si yangu peke yangu. Nimemtumia Waridi diski, yuko Dubai, anarudi nyumbani kabla ya nikaha. Iangalie au usiiangalie. Ghanima aiangalie.

Nimefanya kazi juu yake kila siku baada ya wateja kuondoka. Mama mwenye studio alinisaidia kukata ile picha ya Suud amembeba Ghanima mabegani, maana vidole vya mtoto vimeshika nywele za baba na hakuna programu inayojua kidole kinaishia wapi na nywele zinaanzia wapi. Tulikata kidole kimoja kimoja. Ukiona kidole kimekatika vibaya, ni mkono wangu.

Sina la kubishana tena. Nakuomba kitu kimoja tu. Kabla Massoudi na shehe hawajaonyeshwa huyo mtu aliyetengenezwa na Huseni, muonyeshe Mwavita. Mimi nilimsalia Suud, wewe unamngoja, kila mmoja wetu amechagua lake. Yeye hakuna aliyemuuliza.

Nakubusu mkono, hata ukiuvuta.

Tahani


Bujumbura
9 Agosti 2004

Mwanangu Tahani,

Salamu aleikum. Mi niko muzima. Mukono una uchovu, nimeshika mikono ya watu wengi. Huku kumetulia kidogo, jana tumelala mupaka asubuhi. Umeme uko.

Nitakueleza yote kwa mupango, mi si mutu wa kuruka maneno.

Nilimupeleka Mwavita kwa Huseni. Usifikiri ni kwa sababu ulisema we. Nilitaka afurahi. Alivaa kanga mupya, akakaa kwenye kiti cha kupigia foto. Huseni akawasha. Meno yalikuwa tayari, mi ndiye nilichagua, meupe, mazuri, meno ya mutu aliyesoma. Nikamwambia: «Mwavita, angalia bwana yako.»

Suud akafungua macho na kuyafunga kama mujusi. Mudomo ukafunguka. Sauti yangu ikatoka.

Mwavita akaangalia mupaka mwisho. Akauliza: «Baba, huyu ni nani?»

«Ni Suud! Humuoni?»

«Suud akifungua mudomo unaona mwanya kwanza, meno baadaye. Huyu ni mutu wa benki.»

Huseni akacheka, halafu akaona hakuna mutu mwingine anacheka, akajifanya anakohoa.

Nikasema: «Meno ni kitu kidogo.»

Tahani, yule mwanamuke nimekaa naye nyumba moja miaka yote hii, sijawahi kumusikia anasema maneno ya kujaza mukono. Siku ile alisema. «Baba, kila nikienda kwenye musiba wananikalisha na wenye bwana. Kila nikienda kwenye arusi wananikalisha na wajane. Mi sijui kiti changu ni kipi. Nimemuwekea Suud sahani kila Iddi, kwa heshima yako. Sasa ukimupa huyu mudomo, kesho nimuwekee sahani huyu? Nimungojee huyu?» Halafu akamugeukia Huseni: «Kaka Huseni, mufunge.»

Huseni hakugusa kitu. Machini ni yake, butiki ni yake, lakini aliniangalia mi. Wote wawili waliniangalia mi.

Nikasema: funga.

Akauliza kama aifute. Nikasema futa, na ile sauti futa, na diski yenyewe mupe mutu wa kuchekesha watoto.

Siku Waridi alipoleta filamu yako tulikaa kwa Huseni watatu, mi, Mwavita na Ghanima. Kidole kimekatika vibaya, nimeona, cha mwisho mukono wa kushoto. Usijitetee. Lakini hewa iko. Kati ya mutoto na ukuta hewa iko, Ghanima aliinama kuangalia upande wa nyuma ya televisheni, mutu mukubwa wa kuolewa! Mwavita alicheka, Tahani. Alicheka na machozi yanashuka, akasema: «Ona masikio yake!» Tukairudisha mupaka Huseni akatuletea chai bila kuombwa. Mi nilikuwa nangojea aseme. Picha inakuja karibu, karibu, nasema sasa atasema. Hakusema. Iko mudomo umefungwa vile vile nilivyomwambia.

Nilitoka pale peke yangu nikapita nyuma ya soko, nikajiona natembea kama muzee. Ndiyo, hiyo unaweza kuwaambia watu wa Masikati.

Ijumaa shehe akakaa, Massoudi akakaa na watu wake wote wa Buyenzi, uwanja umejaa mupaka barabarani. Shehe akauliza kama ile siku: «Muzee Hamood, baba ya binti iko wapi?» Massoudi alikuwa anatafuta televisheni na macho. Nikasimama. Hawakuniambia nisimame, mi nilisimama. Nikasema: «Suud bin Hamood alikufa kwenye njia ya Cibitoke, mwaka wa tisini na sita. Mi ni babu. Namuoza mi.» Nilisema kwa sauti, waliokuwa nje ya uzio walisikia. Massoudi, yule wa kiraka, aliinuka kwenye kiti chake akanishika mukono. Nimemusamehe ile ya kiraka. Nusu.

Nikaha ikafungwa. Pilau ilitosha, kelele za wanawake zilifika ziwani. Filamu yako iliwashwa upande wa wanawake, wameniambia waliirudisha pia.

Kesho yake, Jumamosi, Mwavita ameoga, amevaa nyeupe, ameingia chumba cha ndani. Ameanza edda. Ni mi mwenyewe niliyesogeza kitanda chake kiwe mbali na dirisha. Hatatoka mupaka siku zake ziishe, na akitoka, akitaka kubaki kwangu atabaki, akitaka kuolewa nitamuoza mi, sasa nimejua kazi. Niko nakaa mbele ya mulango. Mutu akipiga hodi ovyo anakutana na mi kwanza.

Na watu wakaanza kuja. Sikutuma habari kwa mutu, wamekuja wenyewe. Wale wale wa Buyenzi waliokula pilau Ijumaa, wamerudi Jumapili kunipa pole. Shehe akasoma hitima. Viti vya kukodi vilikuwa bado uwanjani, mwenye viti alikuja kuvichukua, akaona watu wameinamisha vichwa, akakaa kwenye kimoja. Hakuvichukua. Waliokaa kwenye viti vya arusi ya binti walikaa humo humo kwenye matanga ya baba yake, na maua ya karatasi yako bado yamefungwa nyuma, sikutaka yatolewe.

Arusi na matanga juma moja, viti vilevile. Waulize wote wa Asiatique, toka babu zao walipofika na mizigo kichwani. Hakuna mutu amefanya. Ni mi.

Mwavita anakusalimia kutoka ndani.

Baba yako, na baba ya marehemu Suud,
Hamood